Vincent: kampuni ilikufa, michoro ikabaki

Najua nimekuwa kimya. Kwa wale walioniandikia barua pepe kuuliza kama blogu imefungwa: hapana, haijafungwa. Kwanza nilibanwa na kazi, halafu nikabanwa na aibu. Aibu yenyewe nitaieleza sasa hivi, halafu nitazungumza juu ya pikipiki za zamani za Uingereza. Mliokuja hapa kutafuta mambo ya seva na hifadhidata mvumilie, tutafika huko.

Mwaka 2009 nilimwandikia mzee mmoja wa Kirinyaga Road, hapa Nairobi, programu ya kuhesabu mali dukani. Anauza vipuri vya pikipiki: pistoni, plagi, cheni, kebo za klachi, vyote kwenye vijisanduku vilivyopangwa mpaka darini. Niliiandika kwa Visual Basic. Alinilipa nusu kwa pesa na nusu kwa chai na mandazi, na programu ikafanya kazi miaka yote hiyo bila kulalamika. Juzi akanipigia simu. "Kijana wangu, kompyuta imeanza kukohoa. Nimenunua nyingine. Njoo uhamishe ile dawa yako."

Nikaenda. Dawa ikakataa kuingia kwenye kompyuta mpya. Nikamwambia asijali, nitarudi nyumbani nichukue msimbo niurekebishe. Nikarudi nyumbani, nikapekua diski zote, CD zote, mpaka flashi za zamani zilizokuwa kwenye droo ya soksi. Msimbo hakuna. Diski iliyokuwa nao ilikufa miaka mingi iliyopita na mimi sikuwa na nakala. Nilichobaki nacho ni programu yenyewe ilivyo, yaani mkate ulioiva. Unga sina, kipimo cha hamira sina.

Nilipomweleza mzee hakunigombeza, na hapo ndipo aibu ilipozidi. Alinimiminia chai, akaniuliza swali jingine kabisa. "Hawa vijana wa boda wananijia kuuliza spea za hizi pikipiki za umeme. Wewe ni mtu wa kompyuta. Niagize nini?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya kampuni moja ndogo ya pikipiki iliyokufa mwaka 1955. Inaitwa Vincent. Wapenzi wa pikipiki wanaijua, na wengine huenda mmelisikia jina kupitia ule wimbo wa Richard Thompson wa mwaka 1991 unaohusu Vincent Black Lightning ya 1952. Hadithi yake husimuliwa sana, lakini kwa maoni yangu huwa inasimuliwa kwa kutazama upande wa mwendo kasi tu. Mimi naona jambo kubwa liko kwingine.

Tuanze na herufi tatu: HRD. Howard Raymond Davies alikuwa mwendeshaji wa mbio. Mwaka 1921 alishinda mbio za Senior TT za kisiwa cha Man akiwa kwenye AJS ya cc 350, ilhali wenzake walikuwa na injini za cc 500. Mwaka 1924 akaanzisha kampuni yake mjini Wolverhampton, na mwaka 1925 akaishinda tena Senior TT, safari hii kwenye pikipiki yenye jina lake mwenyewe. Mtu angedhani baada ya hapo ni kuvuna tu. Wapi! Januari 1928 kampuni ikafungwa kwa sababu ilikuwa ikila hasara. Kushinda mbio ni jambo moja na kuwalipa wadai ni jingine.

Wakati huohuo kulikuwa na kijana aitwaye Philip Vincent, mzaliwa wa 1908, ambaye familia yake ilikuwa na ranchi ya ng'ombe huko Argentina. Alikuwa akisoma uhandisi Cambridge, lakini kichwa chake chote kilikuwa kwenye mchoro mmoja: namna ya kuweka springi kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki. Siku hizo gurudumu la nyuma lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na mgongo wako ndio uliokuwa springi. Vincent alisajili hataza ya ubunifu wake mwaka 1928. Alishauriwa kwamba watu hawanunui pikipiki yenye jina wasilolijua, kwa hiyo, kwa pesa za baba yake, akanunua jina la HRD na vipande vilivyobaki kwa pauni 450. Alikuwa na miaka 20 hivi. Karakana akaifungua Stevenage, kaskazini mwa London.

(Sisi tulioshuhudia watu wakinunua majina ya tovuti zilizokufa ili wapate wageni wa bure, hatuna la kumfundisha Bwana Vincent.)

Wateja hawakuipenda ile springi. Waliona pikipiki ina sura ya ajabu, na wengi waliamini kwamba gurudumu la nyuma likiruhusiwa kucheza, pikipiki itayumba. Vincent alishikilia msimamo. Miaka ya 1970 Yamaha ilipoleta springi ya nyuma iliyofuata wazo linalofanana na lile, dunia nzima ilishangilia uvumbuzi mpya.

Mwaka 1931 akajiunga naye mhandisi Mwaustralia, Phil Irving. Huyu ndiye ninayemuenzi zaidi katika hadithi hii. Vincent alikuwa na mawazo yasiyokwisha, na Irving alikuwa na uwezo wa kuyageuza mawazo kuwa chuma kinachozunguka. Kila timu ya programu niliyowahi kufanya nayo kazi na ikafanikiwa ilikuwa na watu wawili wa namna hii. Ukiwa na wa kwanza peke yake unapata maonyesho mazuri ukumbini na hakuna kitu kazini.

Mpaka hapo hawakuwa na injini yao. Walinunua za watu, hasa za JAP ya London. Mwaka 1934 walipeleka pikipiki tatu kwenye Senior TT zikiwa na injini za JAP na hakuna hata moja iliyomaliza. Aliyewahi kujenga mfumo juu ya maktaba ya mtu mwingine, kisha maktaba ikaanguka siku ya uzinduzi mbele ya mteja, anaijua hasira waliyorudi nayo Stevenage. Wakaamua kujitengenezea injini, na ndani ya miezi michache walikuwa nayo: silinda moja, cc 499, tayari kwa maonyesho ya Olympia, London, mwaka huohuo wa 1934. Pikipiki waliyoiita Comet ilikwenda maili 90 kwa saa, karibu kilomita 145.

Sasa ndiyo tunafika kwenye sehemu ninayoipenda. Mwaka 1936 Irving alikuwa na michoro miwili ya ile injini ya silinda moja kwenye meza yake. Mmoja ulikuwa kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Akauweka juu ya mwenzake, akauzungusha kidogo, na akaona silinda mbili zikitokea kwa umbo la herufi V juu ya kranki moja. Pembe ikawa nyuzi 47 na nusu, kwa sababu hapo ndipo gia za injini ile zilipokubali kupangika. Vipande vingi vya injini ya zamani vingetumika tena bila kubadilishwa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Rapide ya cc 998, yenye mwendo wa maili 110 kwa saa, karibu kilomita 177. Ilikuwa na mabomba ya oili yaliyozunguka nje kila upande, mpaka watu wakaiita jinamizi la fundi bomba. Ziliundwa chini ya 80 kabla ya vita kusimamisha kila kitu.

Nataka mkumbuke picha hiyo ya karatasi mbili mezani. Pikipiki iliyokuja kuvunja rekodi ilitokana na mchoro uliowekwa juu ya mchoro mwingine. Kama ule wa kwanza ungekuwa umetupwa baada ya injini kutengenezwa, kama mimi nilivyofanya na msimbo wangu, Irving asingekuwa na kitu cha kuzungusha.

Irving aliondoka 1937 kwenda Velocette, akarudi wakati wa vita, na wakati wengine wakingoja amani, yeye na Vincent walikaa wakaiandika upya pikipiki nzima. Ilitoka mwaka 1946, ikiitwa Series B. Hapa fundi yeyote wa jua kali akiisogelea atavua kofia. Fremu ya kawaida ya mabomba haipo. Injini na giaboksi ni kitu kimoja, na injini hiyo ndiyo uti wa mgongo. Juu yake kuna sanduku la bati la chuma lililofungwa kwenye vichwa vya silinda, na sanduku hilo ndilo tangi la oili. Uma wa mbele unashikwa na sanduku, gurudumu la nyuma linashikwa na injini. Kwa njia hiyo pikipiki ya cc 998 ilikuwa na urefu kati ya magurudumu unaolingana na wa pikipiki ya kawaida ya cc 500. Kitu kimoja kinafanya kazi tatu.

Na haikuwa werevu wa kujionyesha tu, kwa sababu walimfikiria mtu atakayeitengeneza kando ya barabara usiku. Magurudumu hutoka bila spana, kwa kuzungusha vishikizo vya mkono. Cheni unaikaza kwa mkono. Gurudumu la nyuma lina sproketi pande zote mbili zenye idadi tofauti ya meno: ukitaka kufunga kiti cha kando na kubeba mzigo, unalitoa, unaligeuza, unalirudisha, na sasa una gia nzito. Breki zilikuwa nne, mbili kila gurudumu. Ukisoma maelezo ya pikipiki hii unasikia sauti ya mtu aliyewahi kukwama.

Mwaka 1948 ikaja Black Shadow, iliyopakwa rangi nyeusi mpaka kwenye injini, ikiwa na kipima mwendo kikubwa kama sahani ya kikombe kinachofika maili 150. Yenyewe ilikwenda maili 125 kwa saa, karibu kilomita 201. Hiyo ilikuwa pikipiki ya dukani, mtu ananunua na kwenda nayo kazini. Tarehe 13 Septemba mwaka huohuo, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, Rollie Free alijaribu rekodi kwenye Vincent iliyoandaliwa Stevenage. Mavazi yake ya ngozi yaliraruka kwa upepo. Basi akayavua, akabaki na chupi ya kuogelea, viatu na kofia ya kuogelea, akalala kifudifudi miguu ikining'inia nyuma, na akapita kwa maili 150.313 kwa saa, karibu kilomita 242. Picha yake mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua.

Haya, mwendo kasi tumeumaliza. Swali langu ni hili: kampuni yenye kila kitu hicho ilikufaje?

Ukiuliza kijiweni utaambiwa Wajapani waliiua. Si kweli, na huhitaji zaidi ya kalenda kulithibitisha hilo. Honda ilionekana kwa mara ya kwanza kwenye TT mwaka 1959. Vincent ilikuwa imeshaacha kuunda pikipiki miaka minne kabla. Tena ilikuwa imeingia mikononi mwa mfilisi mapema zaidi, mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya ile picha ya Bonneville. Ilinusurika kwa kubanwa matumizi, lakini ugonjwa haukupona.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa hesabu. Pikipiki ilikuwa na vipande vizuri mno, vilivyofungwa kwa mkono, na bei ya mauzo haikufidia gharama. Kadiri walivyounda ndivyo walivyopoteza. Baada ya vita ziliundwa kama 11,000 kwa jumla, na Black Shadow kati yao zilikuwa kama 1,700 hivi. Hiyo ni idadi ndogo mno kwa kiwanda kinachotaka kila bolti iwe bora kuliko ya jirani. Walijaribu kila njia ya kupata pesa: kijiinjini cha kufunga kwenye baiskeli, kuuza mopedi za NSU ya Ujerumani, injini za ndege za jeshi zisizo na rubani, hata chombo cha kupanda juu ya maji. Mopedi za NSU ziliuzika vizuri sana, kiasi kwamba NSU wenyewe walichukua biashara yao na kwenda zao. Mwaka 1954 wakaleta Series D, nyingine zikiwa zimefunikwa mwili mzima ili mwendeshaji asichafuke. Mafuniko yalichelewa kutoka kwa mtengenezaji, na wanunuzi wakagawanyika. Tarehe 16 Desemba 1955, siku ya Ijumaa, Vincent ya mwisho ilitoka kiwandani ikiwa imebandikwa maandishi kwamba ndiyo ya mwisho.

Wapo wanaoiita hadithi hii msiba wa fundi aliyependa kazi yake kupita kiasi. Mimi sikubali kabisa. Ukiwa na wafanyakazi, kujua gharama ya unachokiuza ni sehemu ya ufundi. Namheshimu Philip Vincent, lakini nisingependa kuwa mhasibu wake. Irving mwenyewe alikuwa ameondoka kurudi Australia mwaka 1949. Huko alikuja kubuni injini ya Repco, na kwa injini hiyo Jack Brabham alichukua ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1966. Ukimnyima fundi mahali, fundi haachi kuwa fundi.

Lakini tazama kilichofuata baada ya mazishi.

Wenye pikipiki walikuwa na chama tangu 1948, na jarida lao linaitwa MPH. Jarida hilo lilifanya kazi ambayo sisi tulikuja kuifanya kwa orodha za barua pepe: huyu anaandika namna ya kuzuia oili isivuje, yule anajibu kwamba amejaribu na imeshindikana, wa tatu anatoa vipimo. Paul Richardson, aliyekuwa mtu wa huduma kiwandani, aliandika kitabu cha matengenezo. Kiwanda kilipoacha kuunda pikipiki bado kiliuza vipuri kwa muda, na baadaye biashara ikapita mikononi mwa wengine. Katikati ya miaka ya 1970, ilipoonekana kwamba vipuri vitakwisha, wanachama hawakuandika barua za kulalamika magazetini. Waliunda kampuni ya vipuri, hisa zikawa za wanachama wenyewe, na ikaanza kuagiza vipande vitengenezwe kufuata michoro ya kiwanda.

Kampuni hiyo ya vipuri ingali hai. Kiwanda chenye pikipiki za chumvini kilidumu kama miaka 27 kikiunda pikipiki. Duka la vipuri la wateja wake limedumu zaidi ya hapo. Katika miaka ya 2000 waliunganisha Black Shadow nzima kutokana na vipande vipya, ili tu kuonyesha kwamba inawezekana. Fikiria hilo: pikipiki mpya ya kampuni iliyozikwa nusu karne kabla.

Na michoro haikubaki pale pale kama masalia ya makumbusho. Mwaka 1967 Mswisi Fritz Egli aliichukua injini ya Vincent, akaijengea fremu yake ya bomba nene, na pikipiki ikawa nyepesi na imara zaidi kwenye kona. Mfaransa Patrick Godet alikuja kuziunda Egli-Vincent kwa miaka mingi. Kule Australia ndugu wawili wa ukoo wa Horner waliunda Irving Vincent, kubwa na yenye nguvu zaidi, na mwaka 2008 ikashinda mbio huko Daytona, Marekani. Wale tunaoishi kwenye ulimwengu wa programu huria tunalijua jambo hili vizuri. Mtu anachukua msimbo wa mwenzake, anausoma, anaupenda, anaona kosa, anauendeleza kivyake. Wao walilifanya kwa chuma na alumini kabla hatujapata neno la kuliita.

Nisieleweke vibaya. Kampuni ya Vincent haikuwa huria. Ilisajili hataza na kulinda michoro yake kama kampuni nyingine yoyote. Pia tusijidanganye juu ya wanachama wale: wengi ni watu wenye uwezo. Januari 2018 Black Lightning moja iliuzwa mnadani Las Vegas kwa dola 929,000. Kwa pesa hizo hata mimi ningejifunza kuchonga valvu. Kilichowasaidia ni mambo mawili yaliyokutana. Pikipiki iliundwa kwa namna ambayo mtu mwenye spana na akili angeweza kuifungua na kuielewa, na karatasi zilizoeleza namna ya kuiunda upya hazikuchomwa moto.

Turudi Kirinyaga Road kwenye swali la mzee.

Boxer na TVS zimejaa Kenya nzima, na ukiharibikiwa Lodwar au Lamu utapata spea, kwa sababu kipande cha Boxer ni kipande tu. Kinapimwa, kinachongwa, kinaigwa, kinauzwa. Hata kama kiwanda kingefungwa kesho, mzee wangu angekuwa na bidhaa za kuuza kwa miaka mingi. Sasa chukua pikipiki ya umeme inayopita hapo nje kimya kimya. Kwa mpango uliozoeleka Nairobi, betri si ya mwendeshaji. Ni ya kampuni, anaibadilisha kituoni na kulipia. Betri ina kompyuta ndani, pikipiki ina kompyuta, na zinazungumza na seva. Zisipotambuana, injini haizunguki. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Ukiifungua kwa spana huoni kitu cha kutengeneza, unaona kibao cha umeme chenye programu iliyofungwa kwa ufunguo ambao uko kwenye ofisi ya mtu.

Mimi napenda pikipiki za umeme. Nafuu ya gharama ya kila siku ni ya kweli na moshi umepungua kwenye pua zetu. Nauliza jambo moja tu. Kampuni hizi ni ndogo, changa, zinaendeshwa na vijana wenye akili sana wanaopenda kazi yao, na nyingi zinaishi kwa pesa za wawekezaji. Huyo ni Philip Vincent kabisa, pamoja na pesa za baba. Baadhi zitakufa, kama kampuni zinavyokufa. Siku hiyo seva itazimwa, na kijana aliyechukua mkopo wa miaka miwili atabaki na fremu, magurudumu mawili, na deni. Vincent ilipokufa, Vincent ya mtu iliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida.

Ninachopendekeza hakihitaji mtu yeyote atoe siri zake leo. Kampuni inayouza chombo kisichoweza kwenda bila seva yake iweke michoro, msimbo na funguo kwa mtu wa tatu, kwa wakili au benki, chini ya mkataba unaosema: siku tukifunga, bahasha ifunguliwe kwa wenye pikipiki. Sisi watengenezaji programu tumekuwa tukitia saini mikataba ya namna hii na benki kwa miaka mingi, kwa sababu benki hukataa kununua mfumo ambao mwandishi wake anaweza kugongwa na matatu kesho. Benki ikiruhusiwa kuogopa, kwa nini mwenye boda asiruhusiwe?

Nimelijadili hili na marafiki wawili wa fani, na mmoja alinicheka. Kijana wa boda, akasema, atafanya nini na msimbo? Hawezi kuusoma. Ni kweli, na wenye Vincent wengi hawakuweza kuchonga kranki pia. Walichofanya ni kuweka hisa pamoja na kumlipa anayeweza. Sasa niambieni, ni nchi gani inayojua kuweka pesa pamoja kuliko hii? Wana boda wana vyama na sakoo kila kona. Wanachokosa ni karatasi ya kumpa fundi. Rafiki wa pili alisema kampuni zitadai kwamba michoro ikitoka itaigwa ng'ambo. Nami nikamjibu kwamba bahasha inafunguliwa baada ya kifo, na marehemu haibiwi biashara.

Hilo ndilo jibu nililompelekea mzee, kwa maneno machache zaidi: kwa sasa aagize matairi, vitambaa vya breki na balbu, basi. Alitikisa kichwa akaandika kwenye daftari.

Halafu nikampa bahasha yangu. Wikendi tatu nimekaa nikiiandika upya programu yake kutoka mwanzo, safari hii kwa Python, nikitazama ile ya zamani kwenye kioo cha kompyuta inayokohoa na kukisia nilikuwa nafikiria nini mwaka 2009. Ndani ya bahasha kuna flashi yenye msimbo wote, na msimbo huohuo umechapishwa kwenye karatasi, kurasa 61, pamoja na maelezo ya Kiswahili kwa kijana mwingine yeyote atakayekuja baada yangu.

Mzee alizifunua zile kurasa taratibu kama mtu anayekagua ankara.

"Na hii ikiungua pamoja na duka?"

"Nakala nyingine nimempa binti yako, mzee."

Akaifungia kwenye droo ya risiti, akaniita mandazi.